Barua ya wazi kwa wanaotoa kazi za kupanda juu Nakuru: ngazi iwe jukumu lenu

Kwa wakuu wa Kaunti ya Nakuru, maafisa wa DOSHS (idara ya usalama na afya kazini) na wa NCA (mamlaka ya ujenzi), wakontrakta, malandlodi na makeateka wa hapa mjini.

Waheshimiwa na wakubwa wetu,

Nawaandikia hapa wazi juu hili jambo halina ofisi moja, kila unayemuuliza anakwambia si lake. Mimi ni fundi wa gata, ile mifereji ya maji ya mvua kwa ukingo wa paa, nafanya kazi Nakuru mjini na pande za Njoro, Bahati na Gilgil, na karibu kazi yangu yote iko juu ya ngazi. Ombi langu ni moja na nitalisema mapema ndio msichoke kusoma: ngazi inayotumika kwa kazi yenu iwe jukumu lenu nyinyi mnaotoa kazi, isiwe mzigo wa yule kijana mnayemlipa kwa siku.

Saa hii mambo yako hivi. Landlodi anapiga simu anataka gata ziwekwe ama flati ipakwe rangi kabla mvua ya Aprili ishike, mnaongea bei, mnaongea geji ya mabati, mnaongea rangi ya kampuni gani, kwa kotesheni tunaandika riveti, silikoni, braketi, usafiri, leba, hadi chai ya vijana. Ngazi haimo. Inaulizwa mwisho kabisa, tena kwa mdomo, "si uko na ngazi?", na ukisema ndio basi imeisha, hakuna mtu anakuja kuiangalia. Ukisema huna, kazi inaenda kwa mwingine. Kwa hivyo kijana atatafuta tu, ataazima, ataunganisha vipande, atapigilia misumari usiku, na kesho saa moja asubuhi yuko kwa geti yenu na kitu ambacho hata kuku asingelalia, na askari anamfungulia anaingia.

Kuna kijana tulikuwa tunaitana kwa kazi. Alikuwa anafunga gata kwa flati moja hapa mjini, siitaji na mwenye kazi simtaji, na ngazi ilikuwa ya alumini, ile ya kuvuta, ameazima. Alipokaribia juu ile sehemu ya juu ikashuka ghafla naye akiwa ndani yake, akaangukia kabro, yale matofali ya kutandaza nje. Ako hai, tunamshukuru Mungu, lakini nyonga na mkono havijarudi sawa na kazi ya juu hafanyi tena. Baadaye tuliichukua hiyo ngazi tukailaza chini tukaiangalia vizuri. Lok ya kulia, ile ndoano inayoshikilia sehemu ya juu isishuke, ilikuwa inafanya kazi. Ya kushoto, ule ulimi mdogo unaotakiwa kucheza wakati lok inapita kidato, ulikuwa umegandishwa na rangi ya zamani, springi haikuwepo, na kuna mtu alikuwa ameufunga na bainding waya, nafikiri ndio usipige kelele ngazi ikibebwa. Maana yake kijana wa watu alikuwa amebebwa na upande mmoja tu, na huo upande mmoja ulipochoka hakukuwa na kitu kingine. Mwenye kazi alisema, ngazi si yetu, alikuja nayo. Hapo ndio maneno yakaisha, hakuna bima, hakuna ripoti, tukachangishana kwa Whatsapp.

"Alikuja nayo." Nimesikia hayo maneno kwa saiti nyingi na ndio yamenifanya niandike.

Sasa wacha nieleze ngazi yenyewe, juu wengi wenu mnaoamua hamjawahi kuishika, na si vibaya, kila mtu na kazi yake. Ngazi ya kuvuta huwa na sehemu mbili, zingine tatu. Ya chini inasimama, ya juu inateleza juu ya ile ya chini ikivutwa na kamba inayopita kwa puli. Pembeni kuna braketi zinazoshikanisha hizo sehemu mbili zisiachane wakati wa kuvuta. Watu wengi wanadhani kamba ndio inabeba mtu, hapana, kamba kazi yake ni kuinua tu. Kinachobeba mtu ni zile lok mbili, kama ndoano, moja kulia moja kushoto, ambazo zinakalia kidato cha sehemu ya chini. Zote mbili lazima zikae kabisa kabla mtu aweke mguu, na unaziangalia kwa macho, usitegemee kusikia ule mlio. Chini kuna miguu yenye raba, na kwa ngazi nzuri hiyo miguu inazunguka, unaweza kulaza raba kwa sakafu ama uigeuze ile ncha yenye meno iingie kwa udongo.

Vitu vinavyokufa kwanza ni raba, kamba na springi za lok. Ni vitu vidogo kabisa. Lakini mara nyingi ukizunguka hadwea za hapa mjini kutafuta raba ya mguu wa ngazi peke yake unaambiwa hawana, nunua ngazi mpya, kwa hivyo fundi anakata kipande cha tairi ya gari anafunga na waya, ama anaacha alumini tupu ikisugua kabro. Na kabro ikinyeshewa, ama tailsi za veranda, alumini tupu inateleza kama sabuni. Ngazi nyingi haziangushi mtu kwa kuvunjika, ni miguu inateleza tu kurudi nyuma na mtu anakuja chini nayo.

Kuna jambo la urefu pia, na hapa hata wanunuzi wa ofisi wanakosea. Ukinunua ngazi ya futi 24, hiyo ni vipande viwili vya futi 12, lakini huwezi kuivuta hadi 24, lazima sehemu mbili zibaki zimelaliana angalau futi 3, kwa hivyo unapata futi 21, kama mita 6.4 hivi. Halafu inakaa kwa mlalo, kwa kila futi 4 za kwenda juu unatoa mguu futi 1 kutoka kwa ukuta, na kama unataka kushukia kwa paa lazima ipite ukingo kama mita 1 ndio upate kitu cha kushika. Piga hesabu ya paa la mita 5: mguu unakaa mita 1 na robo kutoka kwa ukuta, ngazi inatumia mita 5 na kidogo kufika ukingo, ongeza ile mita ya juu, umeshafika 6 na kitu. Maana yake ngazi ya futi 24 inatosha nyumba ya gorofa moja na inaishia hapo. Flati za gorofa tatu, nne, zile zinajengwa kila mahali saa hii, hiyo si kazi ya ngazi, hiyo ni skafoldi, na kontrakta anayetuma mtu huko na ngazi mbili zimefungwa pamoja na kamba ya katani anajua anachofanya.

Ngazi tunazopanda huku nyingi ni za mbao. Saiprasi ya mbili kwa mbili ama miti ya blugamu, vidato vimepigiliwa kwa nje na misumari ya inchi nne. Hapo uzito wote wa mtu umekalia msumari, mbao haibebi kitu, inashikilia tu. Mbao ikikauka msumari unalegea, ikinyeshewa tundu linaoza, na kwa macho inaonekana sawa kabisa. Ngazi ya mbao inaweza kuwa nzuri sana kama kidato kimeingizwa ndani ya nguzo, yaani nguzo imetobolewa ama imekatwa nafasi kidato kikalie, na kama mbao imechaguliwa haina macho makubwa. Na msiruhusu ngazi ya mbao ipakwe rangi. Najua inapendeza, lakini rangi inaficha ufa, yule anayekagua haoni kitu. Vanishi isiyo na rangi ni sawa.

Za chuma, zile za skwea tyubu zinazochomelewa jua kali, ni ngumu lakini nzito, na ukiacha tundu za juu wazi maji yanaingia ndani ya tyubu, kutu inakula kutoka ndani huku nje bado kuna rangi safi. Alumini ndio fundi wengi tunaitamani juu ni nyepesi, mtu mmoja anabeba, hata kwa boda inaenda, ingawa kwa boda ndio inapinda. Alumini ikipinda hairudishwi. Usiinyooshe na nyundo, na usiipeleke kwa welda, moto wa kuchomelea unalainisha alumini pale pembeni ya ile welding, unaona imeshikana lakini imeshapoteza nguvu. Ngazi kama hiyo ikatwe katikati iuzwe skrapu, isiachwe nyuma ya stoo, juu ikiachwa kuna mtu ataichukua siku kuna haraka.

Halafu kuna fibaglasi, zile nguzo za pembeni za manjano ama za machungwa mnaona kwa watu wa stima na wa intaneti. Ni nzito kuliko alumini na bei iko juu. Faida yake ni kwamba ikiwa safi na kavu haipitishi stima. Nasema safi na kavu kwa sababu ikijaa matope ama ikinyeshewa hiyo faida inapungua, na ikiachwa kwa jua mwaka mzima uso wake unaanza kutoa nyuzi ndogo zinazowasha mikono, hiyo ni dalili imeanza kuchoka.

Kwa upande wa stima naomba mnisikilize kwa makini. Alumini, chuma, na hata mbao mbichi ama iliyonyeshewa, zote zinapitisha stima. Kwa hizi esteti zetu waya wa kuingiza stima unapita kwa fasia bodi, ule ubao wa ukingo wa paa, pale pale gata inafungwa, na ule plastiki wake ukikaa kwa jua miaka mingi unapasuka. Hiyo ni volti 240, inatosha kuua mtu, na hata isipoua inamrusha kutoka juu. Na kuna laini za volti 11,000 zinapita karibu na balkoni za flati ambazo zilijengwa zikasogelea laini. Ngazi ya futi 24 ikisimamishwa na watu wawili halafu upepo uipige, haianguki pale mnapotaka. Kiwango kinachotumika sana ni kukaa angalau mita 3 mbali na waya, mtu, ngazi na chochote anachoshika, pamoja na hiyo gata ya mita 6 ya chuma. Kama haiwezekani, stima ikatwe kwanza na wenye stima, kazi ifanywe, irudishwe. Hiyo simu ni ya mwenye nyumba kupiga. Kibarua wa siku akipiga nani atamsikiza?

Uzito nao. Ngazi zinazofuata viwango vya Marekani huwa na stika pembeni: ya kazi ndogo za nyumbani inabeba kilo 91, ya wastani 102, halafu 113, 136, na ile kubwa kabisa 170. Za kiwango cha Ulaya cha EN 131 zimeandikwa kilo 150. Huo si uzito wa mtu peke yake, ni mtu na nguo zake na vifaa na kila anachobeba. Chukua mpaka rangi wa kilo 80, mpatie ndoo ya rangi ya lita 20 ambayo ni kama kilo 25 na zaidi, tayari amepita 102 na bado hujahesabu buti. Sasa niambieni, ngazi ya kuchomelewa ya pale karibu na barabara imeandikwa kilo ngapi? Haijaandikwa. Na sisemi hivi kuwadharau ndugu zetu wa jua kali, wanajua kazi, wakiambiwa wapime na wabandike watapima na watabandika.

Kuna mambo ya Nakuru yenyewe ambayo kitabu cha kampuni hakiandiki. Udongo wetu sehemu nyingi ni jivu la volkano, mwepesi, ukikanyaga kavu unaona ni mgumu lakini ngazi ikipata uzito mguu mmoja unazama polepole na ule mwingine unabaki, na juu huko wewe unaenda upande. Weka ubao mpana chini, panda kidato cha kwanza, ruka kidogo, angalia kama imekaa, ndio uendelee. Usiinue mguu mmoja na mawe. Mchana kuanzia saa nane upepo unaamka, na mtu akipanda na shiti ya mabati mkononi upepo unamgeuza yeye na ngazi, mabati yavutwe na kamba, yasibebwe. Na usiegemeze ngazi kwa gata. Najua kila mtu anafanya, mimi ndio nafunga hizo gata na nawaambia zimeshikwa na riveti ndogo na braketi nyembamba, ngazi ikikaa pale inateleza kwa upande kama iko kwa reli. Iegemee ukuta kwa ile mikono ya kusogeza ngazi mbali na gata, na ifungwe juu na chini. Yule mtu wa mkono wa kushika chini si wa kutegemea, si kwa ubaya wake, ni kwa sababu atatumwa dukani kuleta riveti.

Mengine ni ya fundi mwenyewe na nayakubali kabisa: kugeukia ngazi ukipanda na ukishuka, mikono miwili na mguu mmoja ama miguu miwili na mkono mmoja iwe imeshika kila wakati, kifua kibaki katikati ya nguzo mbili usijivute upande kufikia ile braketi ya mwisho, vidato vitatu vya juu visikanyagwe. Kuangalia pembe ni rahisi, simama vidole vya miguu viguse miguu ya ngazi, nyoosha mikono mbele, kama viganja vinafika kidato cha usawa wa bega bila kuinama uko sawa. Haya tutafundishana. Lakini fundi hawezi kujifundisha kuwa na pesa ya ngazi ya maana wakati kesho yake inategemea kazi ya leo.

Na sheria iko, sijaitunga mimi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inasema mwenye mahali pa kazi ahakikishe usalama, afya na maslahi ya watu wote wanaofanya kazi mahali pake. Watu wote, hata yule aliyekuja na ngazi yake. Ajali inatakiwa kuripotiwa kwa afisa wa DOSHS wa eneo, na mtu akifa ripoti ifike ndani ya saa 24. WIBA, sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, nayo ya 2007, inataka mwajiri awe na bima na alipe fidia mfanyakazi akiumia kazini. Kuna hata kanuni za ujenzi za tangu 1984. Kwa hivyo sisi hatuombi sheria mpya, tunaomba hizi zifike kwa flati za Kaptembwo, Free Area na Section 58 kama zinavyofika kwa kiwanda.

Kaunti, mkitoa kibali cha ukarabati ama cha kupaka rangi jengo, wekeni mstari mmoja kwa fomu: kazi ya juu itafanywa na nini, ni ya nani, na nani ameikagua. Aliyepewa kibali aweke sahihi. Na ngazi yoyote inayonunuliwa kwa pesa ya umma kwa kazi iliyo karibu na stima iwe ya fibaglasi, tenda iandike hivyo waziwazi pamoja na kilo, isiandike tu "ngazi, moja".

DOSHS, najua nyinyi ni wachache na kaunti ni kubwa, lakini anzeni hata na siku moja kwa mwezi ya kutembea esteti badala ya viwanda, mkiona mtu ako juu ya blugamu ya misumari muulize mwenye jengo, msimsumbue kijana, juu akikimbia mnampoteza yeye na ushahidi. NCA mkikagua saiti, angalieni lok na raba kama vile mnaangalia nondo. NITA, nyinyi mnaotahini mafundi, kwa mtihani wa vitendo wa fundi wa rangi, wa umeme na wa paa, mtu asimamishe ngazi mbele ya mtahini na aeleze kwa nini ameiweka hapo. KEBS, watu wa viwango, kaeni na welda wa jua kali mtoe njia rahisi ya kupima na kubandika stika ya kilo.

Wakontrakta, nunueni ngazi zenu, mziandike namba, mziweke mahali pakavu, na kila asubuhi kabla ya kazi mtu mmoja aangalie lok, kamba, raba na nguzo, aandike kwa daftari. Ni dakika tano. Iliyoharibika iwekwe alama na itolewe siku hiyo hiyo.

Na nyinyi malandlodi, hasa mnaojenga saa hii, kuna kitu cha bei ndogo ambacho sijaona mtu akifanya: wekeni ringi za chuma zilizoingia kwa saruji ya ukuta chini ya fasia, moja kila mita chache, ndio fundi apate mahali pa kufunga ngazi juu. Na pale chini, kwenye zile paipu za kushusha maji, mwageni kislebu kidogo cha zege isiyoteleza, kwa sababu hapo ndio ngazi itasimamishwa kila mwaka gata zikisafishwa. Ukijenga leo unaweka, ukingoja imalizike unaitisha skafoldi.

Sisi mafundi wa gata na wa rangi tuko tayari. Tupangieni siku yoyote tulete ngazi zetu zote mahali mtakaposema, mzikague mbele yetu, zilizokufa zikatwe hapo hapo, bora tu iwe asubuhi kabla ya saa mbili, kwa sababu baada ya hapo tunakuwa tayari tumeshapanda.

Wenu,
Fundi wa gata, Nakuru